Pudini ya Sadaka ya Mwaka

Jumatatu, 17 Machi

Joto. Mwamba wa Tembo, ulioinamia mji wetu, unatema joto tangu asubuhi na Kurunegala nzima inanuka lami. Dinithi amepiga simu kutoka Colombo. Binti yangu huyu hapigi simu kusalimu; hupiga kutoa hukumu. Kauliza nimekula nini. Wali, nikasema. Kauliza nani kaupika. Jibu alikuwa nalo. Wali huletwa na Tilaka, mdogo wa marehemu mke wangu, umefungwa kwenye jani la mgomba kama posho ya mfungwa, tangu siku Dinithi alipouondoa mtungi wa gesi jikoni kwangu.

Niliandike jambo hili kwa mpangilio, maana watu wamelikoroga. Sikusahau jiko likiwaka. Nilikuwa nasoma. Sufuria ndiyo iliyoishiwa maji bila kutoa taarifa. Ukuta umeingia weusi kidogo tu. Kwa weusi huo, mtu aliyefundisha sayansi maisha yake yote amenyang'anywa moto kama mtoto!

Sasa hukumu yenyewe. Jumamosi ni sadaka ya kutimiza mwaka tangu kifo cha mke wangu, Yasawathie wangu. Watawa wa Kibuddha watakuja kula hapa nyumbani, ndugu watajaa. Dinithi anasema akiona siku hiyo kwamba naweza kuishika nyumba, nitabaki. Asipoona, nahamia kwa Tilaka, chumba cha nyuma, na nyumba inapangishwa. Akasema, "Baba, nakupenda, lakini nimechoka kuota moto." Nikamweleza kwamba ndoto mbaya huletwa na kula usiku. Akakata simu.

Kwa Tilaka! Chumba cha nyuma kinatazamana na banda la kuku.

Jioni. Mpango umekuja wenyewe. Jumamosi nitaweka mezani, mbele ya watawa na ukoo mzima, pudini ya chokoleti na biskuti. Ile ya Yasawathie. Hakuna sadaka wala harusi iliyopita hapa bila pudini hiyo. Na haihitaji moto! Hata cheche! Gesi wamechukua. Friji wameiacha.

Jumanne, 18 Machi

Tilaka kaja na wali. Nikataja pudini kijuujuu, kumpima. Akasema, "Wewe usijisumbue, Shemeji. Pudini naleta mimi."

Naleta mimi! Marehemu hajatimiza mwaka na pudini yake imeshapata mrithi. Tena akaongeza kwamba dada yake alijifunza kwake. Uongo mtupu. Yasawathie hakujifunza kitu kwa mtu yeyote. Mimi nilijaribu kumfundisha tangu tulipooana.

Nilimeza hasira, maana sikuwa na maelezo ya upishi. Nikamwambia kwamba mwanafunzi wangu wa zamani, yuko Kanada, anaulizia namna ya kuitengeneza. Tilaka akanitazama kitambo. Kisha akasema nimwambie huyo mwanafunzi apige siagi na sukari ya unga mpaka mkono uanze kulalamika, atie kakao, apange tabaka la biskuti, tabaka la siagi, biskuti, siagi, mpaka bakuli lijae, kisha friji. Juu anyunyize korosho. Na biskuti azichovye kwenye maziwa na kuzitoa papo hapo. "Mwambie azichovye tu, asiziogeshe. Na avae aproni, shati lake jeupe lile litaharibika."

Shati jeupe ni langu. Sijui alitaka kusema nini.

Jaribio la kwanza, alasiri. Nilifikiri vizuri juu ya suala la kuchovya. Biskuti ina vitundu vidogo mno, na kimiminika hupanda ndani yake polepole. Kuichovya na kuitoa haraka ni kuinyima haki yake. Ndani inabaki kavu, nje imelowa. Haraka ya Tilaka haina msingi wa kisayansi. Nikazipa biskuti muda wa kutosha.

Zimekuwa uji. Nimeunywa kwa chakula cha jioni. Si mbaya. Kosa ni la maziwa. Ya unga siku hizi hayaaminiki.

Jumatano, 19 Machi

Jaribio la pili limefaulu! Nilichovya na kutoa papo hapo, ila kwa sababu zangu mwenyewe. Nimekula nusu nikiwa nimesimama mbele ya friji.

Kisha furaha ikaniishia. Jumamosi kutakuwa na pudini mbili mezani, yangu na ya Tilaka. Watu hawana utafiti. Mkono huenda ulikozoea. Watakula ya Tilaka, watasifu ya Tilaka, na Dinithi atanitazama kwa yale macho ya huruma.

Nikaenda hekaluni kumwona Mtawa Mkuu. Nilipiga magoti, nikasalimu, nikamweleza kwa upole hatari ya mayai mabichi. Kwamba kuna wanawake, sitaji jina, huyatia kwenye pudini. Kwamba mtawa mwenye umri wake angefanya busara kuikataa pudini yoyote iliyopambwa kwa korosho za kukaangwa. Alinisikiliza amefumba macho. Nilidhani ameguswa. Akasema, "Mwalimu Edirimanne, mtawa hachagui. Kinachoingia kwenye bakuli ndicho chakula." Halafu akaniuliza kama napata usingizi. Kumbe Tilaka alimtumia ujumbe anijulie hali!

Mpaka hekaluni! Nimerudi kwa miguu juani, nikiongea peke yangu. Mbwa wamenipisha.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeipata. Ajabu sikuiona mapema.

Nieleze. Siagi haina urafiki na joto. Katika joto hili, pudini iliyolala nje ya friji usiku mmoja, saa ambayo watawa wanaketi kula itakuwa imelala chali. Na desturi yetu ni moja: vyakula vya sadaka huletwa jioni ya kuamkia siku yenyewe na kulala kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mimi. Friji ni moja. Friji ikijaa, imejaa! Hakuna wa kulaumiwa.

Nikaenda sokoni. Nikanunua kabichi, maboga, na chupa za maji. Bado kukawa na pembe na mianya. Nikanunua samaki wakavu, maana ng'onda hukunjika na kuingia popote. Papa mkavu, jodari mkavu, dagaa. Muuzaji akacheka: "Mwalimu, watawa mwaka huu wanakula samaki watupu?" Nikamwambia apime, asihoji.

Nimeacha nafasi moja tu, rafu ya katikati, sawasawa na bakuli la bluu la Yasawathie. Nimefunga mlango wa friji kwa goti.

Ijumaa, 21 Machi

Pudini imekamilika. Siagi nimeipiga mpaka mkono ukalalamika, na bega, na mgongo. Matabaka yamenyooka kama mistari ya daftari. Korosho nimeweka mbichi. Za kukaanga zinataka moto, na moto sina. Bakuli la bluu lina mkwaruzo pembeni, mahali Yasawathie alipozoea kugonga kijiko. Sikujua kwamba naukumbuka mkwaruzo huo. Nilikaa nao kidogo.

Sijaionja. Nieleze, ingawa kila mtoto hapa anajua. Chakula cha watawa hakionjwi na mtu kabla ya sahani ya kwanza kuwekwa mbele ya sanamu ya Buddha na watawa wenyewe kula. Anayeonja anatoa makombo, hatoi sadaka. Kwa hiyo mpishi wa sadaka hutegemea mkono, jicho na akili. Vyote ninavyo.

Wala sikuifunika. Kifuniko kingegusa uso wake na kuuharibu.

Jioni kaja Tilaka, pudini yake mkononi. Akafungua friji. Akasimama pale muda mrefu, hata nikaogopa baridi itatoka yote. "Shemeji, samaki wote hawa ni wa nani?" Wa wageni, nikasema. Akavuta pumzi kwa pua. "Basi angalau ifunike hiyo pudini yako."

Ha! Anataka kunivurugia uso! Nikamweleza kwamba harufu ni chembe zinazoruka hewani, na kwenye baridi chembe huzubaa, hazina nguvu za kwenda popote. Akasema, "Haya, Shemeji." Akaipeleka pudini yake kwenye friji ya Bi Violet, jirani.

Bi Violet sikumfikiria. Lakini friji yake ni kuukuu, na inanguruma.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwa mpangilio.

Watawa wamekuja asubuhi kwa mstari, tumewaosha miguu mlangoni, wakaketi kando ya ukuta kwenye mito iliyofunikwa vitambaa vyeupe. Ndugu wote wamevaa nyeupe. Mimi nimehudumia mwenyewe, nimepokea wageni mwenyewe, sikudondosha kitu. Dinithi ananitazama na uso wake unalegea kidogo kidogo. Nilihesabu nyumba ni yangu.

Pudini zote mbili zikapita. Mtawa Mkuu akachukua kijiko cha yangu. Kikafika mdomoni. Akatulia. Kisha akamaliza yote, taratibu, uso kama ukuta. Mtawa kijana aliye kando yake akanywa maji, akaomba mengine, akanywa. Nikaona ni sifa. Utamu huleta kiu.

Tukamimina maji kutoka kwenye birika mpaka kikombe kikafurika, ili thawabu ya sadaka imfikie Yasawathie. Dinithi alishika birika pamoja nami. Mkono wake una joto la mama yake.

Watawa wakaondoka, ndugu wakaanza kula. Mjomba Wilbert, mjomba wa marehemu, ni kiziwi, kwa hiyo kila neno lake ni tangazo. Akachota kutoka bakuli la bluu. Akatafuna. Akapaza sauti nyumba nzima: "Nani kaweka ng'onda ndani ya pudini?"

Vijiko vimesimama hewani. Dinithi akanigeukia. Ule uso uliolegea ukaanza kukaza.

Tilaka akawahi. "Hiyo yangu, Mjomba! Friji mbovu. Chukua hiyo nyingine, yenye korosho za kukaanga. Hiyo tamu kaitengeneza Shemeji, kwa mikono yake."

Wakacheka wote. Mjomba akamwambia Tilaka kazeeka, apumzike, awaachie wanaume jiko. Tilaka naye akacheka, akasema kweli kazeeka. Dinithi akachukua kijiko cha ile nyingine. Machozi yakamtoka. "Baba," akasema, "hii ni ya Mama kabisa." Akanishika mkono, akanisogelea sikioni: nisiende popote, Jumatatu atarudisha mtungi wa gesi.

Nilikuwa nimeshinda! Nikiri hilo. Ningeketi tu.

Lakini jamani, bakuli la bluu! Bakuli la mke wangu, pudini niliyoipiga kwa bega langu, na yule mwanamke anasimama mbele ya ukoo mzima na kusema "hiyo yangu"! Kachukua sifa za dada yake, kachukua masikio ya Mtawa Mkuu, sasa anachukua na kazi ya mikono yangu mchana kweupe! Mtu ana kikomo.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba ya bakuli la bluu ni yangu mimi. Nikaeleza tangu biskuti. Nikaeleza maziwa. Tilaka akanivuta shati: "Kaa chini, Shemeji." Nikauondoa mkono wake. Mjomba akauliza nasema nini. Nikawaongoza wote jikoni, nikafungua friji niwaonyeshe nafasi niliyoiacha, sawasawa na bakuli, ili kusibaki shaka.

Harufu ikatoka kama mtu aliyekuwa akingoja kufunguliwa. Bi Violet akaziba pua kwa ncha ya sari.

Dinithi akatazama samaki. Akatazama maboga. Akamtazama mama yake mdogo, ambaye alikuwa anatazama sakafu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, ulijaza friji ili pudini ya Mama Mdogo iharibike? Kwenye sadaka ya Mama?"

Nikamweleza tabia ya siagi kwenye joto. Hakuwa amenishika mkono tena.

Hata hivyo ukweli umejulikana. Hakuna atakayesema tena kwamba ile pudini ni ya Tilaka.

Jumapili, 30 Machi

Chumba cha nyuma. Kuku huanza kabla ya jua. Nyumba yangu kapanga daktari wa meno, mtu mnene, kaupaka ukuta wa jikoni rangi ya waridi. Dinithi alinileta, akapanga mashati yangu kabatini, akanibusu kichwani, akaondoka bila kunihukumu. Hilo limeniuma kuliko hukumu.

Nimelipitia suala zima kwa utulivu. Mbinu haikuwa na dosari. Kilichoniangusha ni pua ya Mjomba Wilbert, ambayo kwa umri wake ilipaswa kuwa imekufa kama masikio, na yule muuzaji aliyeniuzia samaki ambao hawajakauka vizuri.

Leo Tilaka katengeneza pudini. Hakuna sadaka, hakuna mgeni. Kaniwekea kipande kwenye sahani ndogo pamoja na chai, kaketi mbele yangu. Niwe mkweli hapa, ambapo hasomi mtu: ilikuwa ile ile. Ya Yasawathie. Ile chumvi ya mbali ya siagi, ile biskuti inayokubali jino kabla hujauma. Ilinibidi niwatazame kuku kwa muda.

Baadaye Tilaka akasema dada yake alikuwa akimpigia simu kila mara kuuliza kakao ni kiasi gani; hata ile mara ya mwisho, kutoka hospitali, alipiga kuuliza kakao. "Alikuwa anajua, Shemeji. Alitaka tu kuongea."

Nikamweleza kwamba watu wawili wanaweza kufikia jibu moja kila mmoja kwa njia yake. Sayansi ina mifano mingi. Akasema, "Ndiyo, Shemeji," akanikatia kipande cha pili.

Nimekikataa! Mpango umeanza papo hapo. Kuanzia leo nitakula kidogo, nitakonda, mashati yataning'inia. Dinithi akija Avurudu, mwaka mpya wetu, ataniona, atashtuka, atasema kwa Tilaka silishwi, na atanirudisha nyumbani mbiombio. Daktari wa meno atafute ukuta mwingine wa kupaka rangi.

Njaa ni jambo la akili tu. Nimemweleza Tilaka hivyo. Nasikia kijiko chake kikikwangua bakuli huko jikoni, polepole, pembe kwa pembe. Sijali.

Sijali hata kidogo.