Jicho Libaki Mkononi: Hotuba ya Uzinduzi wa Chumba cha Macho

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kumpokea Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Kaimu Naibu Meneja wa kiwanda hiki cha kushona sare. Kaimu wa huyo Kaimu. Mkuu wa Kitengo cha Vitengo. Wawakilishi wa wadau, na wawakilishi wa wawakilishi. Wakata vitambaa, washonaji, wapiga pasi, mama wa chai, nanyi wengine wote mliofungiwa mlango ili ukumbi ujae: itifaki imezingatiwa, na ambao haikuwazingatia, wajione wamezingatiwa. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Nimesimama mbele yenu katika siku hii adhimu, nikiwa na furaha isiyo na kifani, kuzindua Projekti ya Kitaifa ya Uratibu wa Jicho na Mkono Mahali pa Kazi, Awamu ya Kwanza, pamoja na tunda lake kuu, yaani Chumba cha Macho, ambacho mlango wake wa kijani mnauona pale ukutani nyuma yangu, umezungushiwa utepe mwekundu, na ambamo kila mshonaji atapimwa macho na kupewa miwani bure kabla ya mtihani wa Ijumaa. (Makofi marefu. Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Hiyo miwani tunaingojea mwaka wa pili huu, baba!") Naam, mama yangu, na kungoja nako ni kazi, na kazi hiyo mmeifanya kwa ufanisi wa hali ya juu.

Kabla sijaendelea, naomba radhi kwa giza. Lile bango lenye picha yangu lilitoka kubwa kuliko ukuta, ikabidi lizibe madirisha mawili kati ya matatu. Hata hivyo, wataalamu wetu wa mawasiliano wamenihakikishia kwamba uso wangu una mwanga wa kutosha. (Kicheko. Kaimu Naibu Meneja anageuka kutafuta aliyecheka.)

Ndugu wafanyakazi, hatukukurupuka. Tulianza kisayansi. Tulimleta mtafiti, akawavisha wenzenu watatu kofia zenye kamera ndogo za kuonyesha jicho linatazama wapi kila sekunde, na baada ya siku tisa akaniletea data iliyonikosesha usingizi. Iligundulika kwamba mshonaji akiwa bado ameshika kitambaa, jicho lake haliko kwenye kitambaa. Limeshahama! Liko kwenye mkasi. Mkono ukifika kwenye mkasi, jicho liko kwenye kifungo. Mkono ukigusa kifungo, jicho linatazama mahali kitakaposhonwa. Kila mara jicho linaondoka kazini nusu sekunde kabla ya mkono kumaliza. Nikachukua kikokotoo mwenyewe, bila msaidizi: nusu sekunde, mara miondoko mia tisa kwa siku, mara wafanyakazi mia mbili na arobaini. Nikapata saa thelathini za utoro wa macho kila siku, katika siku ambayo yenyewe ina saa ishirini na nne tu. Maana yake, ndugu zangu, mlikuwa mnatoroka hata kwenye saa ambazo hazipo.

Mtafiti yule alijaribu kunieleza kwamba huo si utoro, ati jicho linatangulia ili kuutafutia mkono mahali pa kutua. "Mheshimiwa," akasema, "hata wewe ukimimina chai, jicho linakuwa limeshafika kwenye kikombe wakati mkono ndio kwanza unainua birika. Jicho likiungoja mkono, mkono utabaki kupapasa." Nikamjibu, bwana wee, mimi simimini chai, huwa namiminiwa. Sasa yuko stoo anahesabu mafagio, na nimeagiza asitazame fagio la pili kabla hajamalizana na la kwanza.

Ndipo nikatoa Waraka Namba Nne, unaosema kwa lugha nyepesi kabisa: Jicho Libaki Mkononi. Jicho lisiende mahali ambapo mkono haujafika. Tukaajiri wasimamizi wa macho kumi na wawili, ambao kazi yao ni kutazama mnatazama wapi. (Sauti: "Na wao nani anawatazama?") Swali zuri sana. Tumeliundia kamati.

Na matokeo yanajieleza. Ndani ya miezi miwili mmeshona mashati mia tatu yenye mikono yote miwili upande wa kushoto, ubunifu ambao haujawahi kushuhudiwa katika sekta hii, na tunayatafutia soko maalumu. Mama wa chai, kwa utii wa kupigiwa mfano, aliukazia macho mkono wake ulioshika birika, akammiminia mhasibu mapajani. Mhasibu sasa anafanya kazi amesimama, na mtu aliyesimama hasinzii. Matumizi ya plasta yamepanda kwa asilimia mia nne, ishara tosha kwamba huduma za afya zimewafikia walengwa. (Mpiga pasi anainua mkono uliofungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Makofi.) Asante, shusha, tumeuona.

Na ili msidhani nawaagiza mambo nisiyoyaweza, nitawaonyesha. Naomba jagi. Tazameni: jicho langu liko kwenye mkono. Mkono unainuka, jicho halibanduki. Mkono unainama, jicho halibanduki... (Maji yanamwagika juu ya kurasa za hotuba. Kicheko kirefu. Mama wa chai: "Glasi iko kulia kwako, mwanangu!") Glasi ndiyo iliyokaa mahali pasipostahili. Andikeni jina la aliyeiweka.

Sasa nije kwenye mtihani wa Ijumaa, na hapa naomba utulivu. Kila mshonaji atasimama hapa mbele, atapewa sindano na uzi, na dakika moja ya kuupitisha uzi kwenye tundu. Atakayeshindwa atapewa cheti cha shukrani na kwenda kupumzika kwao moja kwa moja. Nimearifiwa kwamba kuna mshonaji wa meza ya saba, mnayemwita Mama Matundu kwa kuwa ameshona matundu ya vifungo hapa miaka ishirini na sita, na kwamba kwa muda mrefu binti yake wa meza ya nane amekuwa akimtungia uzi. Huko ni kuazimana macho, na Waraka unakukataza. (Sauti ileile ya mwanamke kutoka nyuma: "Mama Matundu ndiye mimi. Uzi siuoni, sikatai. Lakini nipe hiyo miwani leo, na Ijumaa nitakutungia sindano kumi huku nikikuhadithia habari za wajukuu.") Si ndiyo maana tuko hapa, mama! (Binti yake: "Basi fungua huo mlango, mjomba, mama aingie wa kwanza!") Utafunguliwa, binti. Hotuba kwanza, zimebaki kurasa kumi na nne, ingawa zimelowa. (Ukumbi: "Mlango! Mlango! Mlango!")

Haya. Wananchi mmeamua, nami ni mtumishi wenu. Leteni mkasi. Jicho liko mkononi, mkono uko kwenye utepe... (Anakata utepe pamoja na ncha ya tai yake.) Tai hiyo ilikuwa ya awamu iliyopita. Na sasa, kwa mamlaka niliyopewa, naweka mkono kwenye kitasa. Naweka... Kitasa kiko... (Mkono unapapasa ukutani.) Fundi amekilainisha mno.

(Mama Matundu, kutoka mstari wa mwisho: "Usijihangaishe, baba. Huo mlango umechorwa.")

Nani kasema hivyo?

("Mimi. Tangu umepanda hapo nauona. Vivuli vyote humu ndani vinalikimbia lile dirisha moja mlilotuachia, kivuli cha kitasa chako peke yake ndicho kinalielekea. Na bawaba mmezichora upande uleule wa kitasa. Mlango gani huo, baba?" Binti yake: "Mama, kaa chini!" "Nikae nini, na Ijumaa ndiyo hiyo?" Kaimu Naibu Meneja anapitisha kidole ukutani, anakitazama, kisha anakificha mfukoni. Kina rangi ya kijani. Ukumbi unaangua kicheko.)

Nyamazeni! Mama, hebu niambie, hapo ulipo ni hatua ngapi kutoka hapa? ("Arobaini.") Hatua arobaini, tena gizani, na umeona kivuli cha kitasa! Waandishi wa habari, mnaandika? Mshonaji tuliyeambiwa haoni, kumbe anaona kumshinda mgeni rasmi! Sasa nawauliza, mtu mwenye macho ya namna hii anataka miwani ya nini? Na kama miwani haihitajiki, chumba cha nini? Projekti hii imefikia malengo yake kabla haijaanza, na hapo ndipo tunapowaacha mbali wenzetu. ("Ya mbali naona! Ya karibu ndiyo taabu! Sindano haikai hatua arobaini!") Basi naagiza Ijumaa sindano yako iwekwe hatua arobaini. Tatizo limetatuliwa. ("Na mikono yangu itaifikiaje?") Hilo ni la Awamu ya Pili.

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru kwa namna ya pekee mchoraji wetu, ambaye kwa kweli ndiye projekti yenyewe, kwani ukimtoa yeye na ndoo yake ya rangi hakujapata kuwepo daktari, wala miwani, wala chumba. Nyuma ya ukuta huu ni barabara, na hapo mlipousikia mlango ukigongwa asubuhi ilikuwa ni lori. Ahsanteni kwa kuamini. Sasa tuitikiane kaulimbiu. Nikisema "Jicho!", semeni "Mkononi!" Jicho! (Mpiga pasi anatazama bango.) Jicho! (Mpiga pasi: "Dirishani!" Ukumbi mzima: "Dirishani!")

Siyo hivyo. Jicho... Mbona wote mnatazama bango langu? Mikono yenu imetulia mapajani, macho yote mia mbili na arobaini yako kule juu kwenye kamba inayolishikilia. Mia nne na themanini, samahani. Yule mtafiti alisemaje? Jicho linaondoka kwanza, mkono unafuata baada ya nusu... (Washonaji wanaivuta kamba. Bango linashuka kwa kishindo. Mwanga unaingia. Mama Matundu anasogea dirishani, anainyoosha mikono yote miwili, yenye sindano na uzi, mbele yake mpaka viwiko vinakaza, anafumba jicho moja, na uzi unapita kwenye tundu.)

Andikeni kwamba madirisha haya mawili yamezinduliwa na mimi.