Nusu Paa kwa Galaksi Moja

Jumamosi, 14 Machi

Nimeamua kupiga picha galaksi. Wanaume wa rika langu huanza kufuga kuku. Mimi nimeshapiga maharusi, mapacha wasiotulia na mwenyekiti mmoja aliyefumba macho kila nilipobonyeza. Kilichobaki ni mbinguni. Galaksi haipepesi, wala haiulizi kama kitambi kinaonekana.

Chanzo ni Daktari wa Meno, jirani wa studio yangu. Kanunua darubini yenye mota, kaanzisha chama cha watazama nyota, na wanachama tunakutana kwenye chumba anachosubirishia wagonjwa, chini ya bango la jino lililooza. Leo alitueleza habari za Andromeda, galaksi jirani yetu, ambayo huonekana vizuri mwisho wa mwaka. Alisema haitembei peke yake, ina galaksi ndogo mbili ubavuni, watoto wake, kama kuku na vifaranga. Alisema na mengine, ila mimi nilikuwa natazama soksi zake, kila mguu na rangi yake. Novemba kutakuwa na maonyesho, na picha bora itaingia kwenye kalenda ya chama. Kisha akanigeukia, akasema kwa upole kwamba kwa kamera ya picha za vitambulisho nisijisumbue.

Upole wa namna hiyo ndio unaoua.

Jumapili, 15 Machi

Mke wangu anafua nguo za watu. Paa letu la zege lote ni kamba zake. Nimemwomba nusu. Akauliza nusu ya nini. Nikasema nusu ya paa, kwa ajili ya sayansi. Amekubali kwa sharti: ni langu hadi maonyesho. Nisipoleta galaksi, kamba zinarudi, na mwaka mzima mwanikaji ni mimi, mchana kweupe, majirani wakitazama. Nimecheka. Yeye hakucheka.

Mama mkwe anakaa chumba cha chini. Magoti yamegoma, ngazi hapandi tena. Aliniita akasema, "Mwanangu, siku hizi mbingu yangu ni ya dirishani, nayo nusu imezibwa na tangi la maji. Niletee hicho kitu nikitundike." Nimemwahidi. Nyumba nzima, ni yeye peke yake anayejua thamani yangu.

Mtambo tayari. Mbao mbili, bawaba moja, skrubu ndefu. Ukizungusha skrubu polepole, ubao unainuka na kamera inazifuata nyota, la sivyo zinajichora kama mikwaruzo ya paka. Mota ni mkono wangu. Mbao nimezitoa kwenye mlango wa kabati la nguo. Mke wangu hajaenda kwenye kabati bado.

Jumatatu, 16 Machi

Ameenda.

Mvua imeanza pia.

Jumapili, 14 Juni

Mvua imekwisha, baridi imeingia, anga limekuwa kama sahani iliyosuguliwa. Daktari anasema kila msimu una galaksi zake. Sawa. Nilipanda jana kwenda kujinoa mkono kwa hizi za msimu wa baridi.

Adui ni Mwoka Mikate wa ng'ambo ya barabara. Ana taa ya ulinzi inayoweza kuivisha mayai. Nilimwomba aizime, akauliza wezi wakija nitawapiga picha? Basi nikatumia akili. Nilitundika mashuka ya hoteli anayoyafua mke wangu, kumi na mawili, ukuta mzuri mweupe dhidi ya taa. Nilisahau kitu kimoja: shuka jeupe linapenda taa. Paa lote liling'aa kama ukumbi wa harusi. Tena yalikuwa hayajakauka, upepo ukavuma, na moja likanikumbatia mimi, kamera na mtambo.

Matokeo: picha moja. Daktari aliitazama, akasema ni pindo la shuka.

Jumanne, 16 Juni

Kazi za mchana nazo ni vita. Mlinzi wa benki amerudi na picha zake, ofisi ya vitambulisho imezikataa. Wanasema sura si yake. Nilimwondolea lile kovu la shavuni, bure kabisa, kwa moyo wangu mkunjufu. Anasema kovu ndilo wanalomtambulia. Nikamwambia tatizo ni ofisi haina jicho la uzuri. Mtaa huu hakuna uso uliopita mkononi mwangu ukatoka na doa. Mikono hii ina mazoea. Ikiona kipele inakwenda yenyewe.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimepatana na Mwoka Mikate. Nitampiga picha ya familia, na nitampunguza kidevu kimoja kati ya viwili. Taa itazimwa jioni moja ya Oktoba, siku ya mwezi mchanga. Anasema wezi wakija siku hiyo watakuwa wageni wangu.

Mama mkwe ameshawaambia wanawake wote wa kikundi chake cha kuweka na kukopa kwamba mkwewe anamletea galaksi. Mmoja aliuliza kama inaliwa.

Jumapili, 11 Oktoba

Jana. Taa ilizimwa. Anga likashuka hadi kwenye kamba. Nilizungusha skrubu, jicho kwenye saa, ulimi nje, hadi kiganja kikatoka lengelenge. Mke wangu alipanda na chai, akaniuliza nakoroga nini. Kisha akaketi kwenye beseni lake, akatazama juu. Akasema hakujua ziko nyingi hivi. Nikamwambia ndiyo, na zote nimeziita mimi.

Leo nimeketi kwenye kompyuta, nimezirundika picha zote ziwe moja. Uzuri mtupu. Kasoro moja tu: katikati palikuwa na ukungu umelala mshazari, kama mtu kashika lenzi kwa kidole chenye mafuta. Chai, bila shaka. Wake zetu hawa. Nimeusafisha taratibu, asubuhi nzima, hadi pakawa peusi laini kama uso wa mtoto. Galaksi yenyewe ni ile inayong'aa zaidi, kona ya kushoto. Nimeiongezea dhahabu kidogo.

Jumamosi, 14 Novemba

Siku ya maonyesho. Sijui nianzie wapi.

Mimi na Mwoka Mikate tulimbeba mama mkwe na kiti chake hadi kwa Daktari, kavaa kama anakwenda kuozesha. Mke wangu alikuja na mkoba. Ndani ya mkoba niliona vibanio vya nguo. Nilijifanya sikuviona.

Daktari alisimama mbele ya picha yangu, akainama vile anavyoinama juu ya mdomo wa mtu. Akauliza Andromeda iko wapi. Nikaonyesha. Akasema ile ni nyota. Mama mkwe akasema pale kitini pake labda imeingia nyuma ya kitu, tusubiri.

Daktari akaomba picha za awali. Kadi ya kamera ilikuwa mfukoni. Akaziweka kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, na ule ukungu wangu huo hapo katikati, umelala mshazari, kila mtu akivuta pumzi. Daktari alivua miwani. Alisema katika maisha yake amewahi kung'oa jino zima kwa makosa mara moja tu, lakini galaksi nzima hajawahi kuona mtu akiing'oa.

Walicheka hadi Mwoka Mikate akashika ukuta. Halafu Daktari akavaa tena miwani, akasema: kwa mlango wa kabati na skrubu, ile ya kwenye kadi ndiyo picha bora humo chumbani. Niipeleke kwa mpiga chapa kabla ya Jumatano, ilivyo, nisiiguse. Alirudia hilo la nisiiguse.

Mke wangu aliufunga mkoba. Mama mkwe alikuwa amemshika Daktari mkono, akimwuliza kuhusu watoto gani sijui, akaonyeshwa kioo kwa kidole, akafurahi. Sikusikia vizuri. Nilikuwa mlangoni napokea pongezi.

Jumanne, 17 Novemba

Nimeshapeleka. Andromeda sikuigusa, naapa kwa kamera yangu. Ukungu wote upo, hadi ncha. Nimeondoa tu vidoa viwili vidogo vilivyokuwa ubavuni mwake, vikimzonga. Kazi ya dakika mbili, mikono ilikwenda yenyewe. Sasa kakaa peke yake katikati, kama malkia. Daktari atafurahi, ataumia, yote mawili.

Nakala ya kwanza nimempa mama mkwe. Nimeitundika mwenyewe, mkabala na lile dirisha lenye tangi. Ameitazama sana, akanishukuru, kisha akaniuliza watoto wamekwenda wapi. Nimemfunika miguu vizuri. Umri ni umri.

Kesho namwomba mke wangu ile nusu nyingine ya paa.