Mama Oleta na Waraka Namba Saba

Nachukua fursa hii adhimu kuutangazia umma kwamba Waraka Namba Saba wa Kitengo cha Viwambo vya Bunduki, ulioandikwa na mimi mwenyewe, Lowell Pruitt, Mkuu wa Kitengo, haukuwa na kosa hata moja. Yaliyotokea Oklahoma yalitokea kwa sababu ya usahihi wake.

Utaratibu ni mwepesi. Mwananchi anayetaka kufunga kiwambo kwenye mdomo wa bunduki ili mlio upungue, hujiandikisha kwetu kwa njia mbili. Akijiandikisha kama mtu binafsi, kiwambo ni chake peke yake, na mwingine asikiguse mwenyewe akiwa hayupo. Akitumia amana ya familia, yaani hati ya wakili yenye majina ya wadhamini, kila mdhamini ana ruhusa ya kukishika, mradi alete alama za vidole na picha. Waraka wangu uliongeza sentensi moja tu: "Yeyote anayejua namba za siri za kasha la chuma lenye kiwambo, huyo anahesabiwa kuwa nacho, hata kama hajawahi kukiona."

Siku niliyoiandika nilijinunulia tai mpya.

Sasa, kuna mkulima wa karanga anaitwa Verlon Stuckey, umri miaka sabini na miwili. Alijiandikisha kama mtu binafsi kwa sababu muuza bunduki alimwambia karatasi zake ni chache. Mwezi wa tisa akaanguka kutoka kwenye trekta, akavunjika nyonga, akalazwa hospitali katika mji wa Tulsa wiki sita. Nguruwe mwitu wakapata habari siku hiyo hiyo.

Mkewe, Oleta, alinipigia simu.

"Bwana Pruitt, nguruwe wako shambani kwangu mchana kweupe. Wanakula karanga huku wananitazama usoni."

"Pole sana mama. Kiwambo ni cha nani?"

"Cha mume wangu."

"Na mume yuko wapi?"

"Hospitali, mguu umening'inizwa kama nyama ya buchani."

"Basi kiwambo kimsubiri."

"Nguruwe nao nimewaambia wasubiri. Hawasikii, kama mimi."

Akanieleza kwamba sikio la kulia lilishakufa kwa milio ya bunduki, na la kushoto daktari amesema mlio mmoja mkubwa tu, basi. Nikamshauri avae vizibo vya masikio.

"Nikivaa hivyo, nguruwe atapita nyuma yangu na bendi ya matarumbeta nisijue."

Nikaona niende kwenye kiini. "Mama, namba za siri za kasha unazijua?"

"We baba wewe! Miaka arobaini na sita ya ndoa! Nazijua hadi kelele za tumbo lake."

Nikamjulisha, kwa sauti ya upole, kwamba tangu Waraka Namba Saba utoke yeye ni mhalifu.

"Mimi? Mimi napiga kinanda kanisani."

"Hilo halipingani na sheria, mama. Na usihofu, fomu ipo."

Oleta hakuchelewa. Wakili wa mjini aliandika hati ya Amana ya Familia ya Stuckey kwa mchana mmoja: Oleta mwanzilishi, yeye na Verlon wadhamini. Sherifu, mkuu wa polisi wa pale, alikwenda mwenyewe hospitali kuchukua alama za vidole vya mzee kitandani. Ombi likanifikia limekamilika, jambo lililonitia wasiwasi. Nikalirudisha: Amana yenyewe haikuleta picha.

"Amana ni karatasi!" Oleta alipiga kelele kwenye simu.

"Ipigwe picha basi. Itazame mbele, isitabasamu."

Akaipiga picha. Nikalirudisha mara ya pili. Safari hii nilitaka aandike namba za kasha kwenye kisanduku cha kumi na nne, ili Kitengo kithibitishe kwamba ni za siri. Akaandika. Fomu ikapita kwa maafisa arobaini, kila mmoja akatia saini kwamba amezisoma na ameridhika na usiri wake.

Wakati huo shamba la tatu lilikuwa limefukuliwa. Sherifu alinisimulia baadaye kwamba alimkuta mama huyo ndani ya gari lake kando ya shamba, mikono kwenye usukani, injini imezimwa, akisema, "Verlon anataka tuuze. Amezaliwa hapa, anataka tuuze." Jambo hilo halina kisanduku kwenye fomu, hivyo sikuweza kulishughulikia.

Jumatatu iliyofuata akatokea ofisini kwangu, kavaa gauni la kanisani, mkononi Waraka Namba Saba uliopigwa mistari kwa wino mwekundu. Viziwi huongea kwa sauti. Ghorofa nzima ilisikia.

"Bwana Pruitt, namba za kasha langu nani anazijua?"

"Ni siri, mama. Tunazijua mimi na maafisa arobaini tu."

"Na anayezijua ni nani? Nisomee, macho yangu leo hayaoni vizuri."

Nikasoma sentensi yangu. Nilipofika katikati nikaanza kuhesabu: mimi na maafisa arobaini, wahalifu arobaini na mmoja.

Mwanasheria wetu aliusoma waraka, akaufunga mlango wake, kisha akaufungua kidogo kuuliza kama na yeye alisaini. Alisaini. Afisa mmoja akapendekeza mama abadilishe namba. Nikamkumbusha kwamba kuzibadilisha ni lazima kasha lifunguliwe, na wa kulifungua amelazwa Tulsa. Mwingine, bila adabu, akapendekeza nifute waraka. Nikamtazama mpaka akakaa.

Ikabaki njia moja: wote arobaini na mmoja tuwe wadhamini wa Amana ya Stuckey. Na wa kuteua wadhamini ni mwanzilishi peke yake.

"Mnaniomba?" Oleta aliuliza, akiweka kiganja nyuma ya sikio. "Semeni kwa nguvu, sisikii."

"Tunakuomba, mama!" tukajibu kwa pamoja.

Ombi lile liliidhinishwa kwa dakika arobaini. Foleni ya alama za vidole ilifika kwenye ngazi.

Ndipo tuliposoma hati yenyewe. Kifungu cha tatu kinasema kila mdhamini atalinda mali ya Amana kwa zamu atakayopangiwa na mwanzilishi, na hakuna anayejiuzulu bila ridhaa yake. Shamba nalo ni mali ya Amana.

Ripoti hii naiandikia ukingoni mwa shamba la karanga, miguu ndani ya buti za kuazima. Oleta anapiga, mimi nabeba ndoo ya risasi na kuburuta nguruwe. Verlon amerudi na fimbo yake. Hukaa barazani na chai ya barafu, akinielekeza nivute kwa mguu gani. Naye shamba hataki tena kuliuza.

Jana Mkurugenzi Mkuu alifika na gari jeusi kunirudisha ofisini. Alisimama kwenye tope, akanifokea mbele ya wenyeji.

"Pruitt! Namba! Namba tatu tu zinakufanya mtumwa? Hebu nitajie, ni namba gani hizo?"

Mimi sifichi kitu kwa wakubwa wangu. Nikamtajia.

Oleta ameshampangia zamu ya Alhamisi.