Suruali Ndefu ya Kaptula

Nakutegea, nawe usinipe mji, mji ninao: kuna nyumba ina mlango mmoja wa kuingilia na miwili ya kutokea, na mwenye nyumba huzunguka nayo mjini. Fikiri. Jibu lake ndilo lililozua maneno jana saa saba mchana, kwenye benchi mbele ya duka la Sentimita, fundi cherehani, ninapouzia kahawa yangu.

Aliyeanza ni Redio. Huyo ni kinyozi wa duka la pili. Habari haimpiti, iwe ya ikulu au ya uchochoroni. Simu ilikuwa puani kwake.

"Sikilizeni. Wamechimbua suruali kaburini. Ina miaka elfu tatu. Ya mpanda farasi."

"Elfu tatu, na mshono umeshika?" nikamuuliza.

"Umeshika, Bibi. Na magotini ina nakshi."

"Za huyu, ukinunua Jumatatu, Ijumaa zina madirisha," akasema Kaptula, akimwonyesha Sentimita kwa kidevu.

Kaptula ni mwoka mikate. Miaka ishirini mbele ya tanuri, miaka ishirini magoti nje. Lakini jana binti yake alikuwa anafunga ndoa saa kumi, na alimwomba baba yake kitu kimoja tu: aje na suruali ndefu. Kitambaa kimekaa kwa Sentimita wiki tatu.

"Utani tuuweke kando," akasema Kaptula. "Fundi, suruali yangu iko wapi?"

Sentimita akapuliza kahawa yake, ingawa ilishapoa.

"Mpanda farasi," akasema. "Umesikia? Suruali ni vazi la farasi. Wewe farasi unaye?"

"Nina binti."

"Haya. Redio, hiyo ya kaburini waliikataje?"

"Haikukatwa. Walifuma kila kipande kwa kipimo chake. Mkasi haukugusa."

"Watu wenye akili hao," akasema Sentimita, kwa sauti ndogo nisiyomzoea nayo.

Redio akapata moto. "Tena Warumi waliicheka. Kwao mwanamume ni shuka na miguu wazi. Suruali waliiona ya washenzi, mpaka wakaipiga marufuku mjini."

"Unaona?" Sentimita akadakia. "Warumi hao, na barabara zao zote. Waskoti nao wameingia vitani na sketi. Wafalme wa Ulaya, kaptula na soksi ndefu. Suruali ndefu ilikuwa ya vibarua na mabaharia. Kaka, wewe umevaa kifalme miaka ishirini na hukujijua."

"Basi mfalme anauliza suruali yake iko wapi."

"Nilipokupima..."

"Hukunipima. Ulisema kiuno chetu kimoja, urefu mmoja, utajipima mwenyewe."

"Na ni kweli."

Redio akacheka hadi simu ikamponyoka. "Fundi anakula kwa suruali, halafu anaisema vibaya. Kesho na mimi nitawaambia wateja nywele ni pambo, msizikate."

Kaptula hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu, kama anayeogopa kukiamsha.

"Sentimita, mama yake hayupo. Wa kusimama naye pale mbele ni mimi peke yangu. Katika maisha yake hajaniomba gari, hajaniomba ukumbi. Kaomba suruali. Saa nane hii inagonga. Iko wapi?"

Nikashika birika nisimimine.

Sentimita akautazama mkasi wake pale mezani, kama unaomdai maelezo. Kisha akasimama, akaanza kulegeza mkanda. Nikageuzia macho ukutani.

"Nilikata mguu wa kwanza, nikasahau kugeuza kitambaa," akasema. "Yote miwili imetoka ya kushoto, na kitambaa chako kimekwisha. Haya, lete hiyo kaptula ya kifalme, kaka. Suruali yako sasa ni hii yangu niliyovaa."