Ombi la Kurudishiwa Mashine Yangu Inayokosea

Kwa Dada yangu,
Mwalimu Mkuu Mstaafu,
Nyumbani kwako, chumba cha mbele.

YAH: BINTI YAKO KUITENGENEZA MASHINE YANGU MPAKA IKAWA NZIMA

Dada mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yanaendelea vizuri na kwamba barua hii itakukuta umeshavaa miwani. Nimeiandika kiofisi, kwa sababu miaka thelathini na mitatu ya ualimu imekufanya usisome kitu kisicho na namba, na mara ya mwisho nilipokulalamikia kwa simu ulicheka mpaka ukakata.

Unaikumbuka mashine yangu ya kuchongea mabango, ile ndogo inayokaa juu ya meza. Unaandika maneno kwenye kompyuta, nayo inayachonga kwenye ubao kwa kisu kinachozunguka. Nimekuwa nayo miaka kumi na minne. Kompyuta yake ilihitaji dakika ishirini kuamka, na lile sanduku la umeme linaloziambia mota ziende wapi halikuwahi kufunguliwa tangu nilinunue. Tuliishi hivyo, tukazoeana.

Binti yako alipokuja kwangu kusubiri majibu ya kazi, nilimpokea kwa mikono miwili. Siku ya tatu alisimama mlangoni mwa karakana, akanitazama weee, kisha akauliza, "Mjomba, mbona unaipiga?" Nikamwambia siipigi, naielekeza. Wiki iliyofuata nilisafiri siku mbili kumzika fundi mwenzangu. Niliporudi, kompyuta yangu ilikuwa chini ya meza imefunikwa gunia kama maiti ya pili, sanduku la umeme limetolewa matumbo, na mahali pake pamekaa kisaketi cha kijani kinachoenea kiganjani, ambacho binti yako anakiita kompyuta mpya. Mashine ilikuwa inachonga. Hakuna mtu aliyeishika.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kelele. Zamani mashine ikianza kazi mtaa mzima ulijua kwamba fundi yupo. Sasa inanong'ona. Jirani yangu mshona viatu amekuja mara mbili kuuliza kama naumwa. Wifi yako, ambaye hakuwahi kuthubutu kunituma sokoni nikiwa kazini, sasa anachungulia, anakuta kimya, ananikabidhi kikapu.

2. Ujuzi wangu. Mashine ilikuwa ikishachonga kwa robo tatu ya saa inaanza kusogea kushoto, kidogo tu, upana wa ukucha. Dawa ya ugonjwa huo niliijua mimi peke yangu duniani. Nilikuwa nasimama upande wa kulia, nyonga imeegemea meza, mkono wa kushoto juu ya mota, na wakati wake ukifika naisukuma. Mafundi walitoka mitaa mingine kuja kujaribu, wakashindwa, wakaondoka. Sasa haisogei. Binti yako anasema tatizo lilikuwa waya mmoja uliolegea, na kompyuta iliyokuwa ikichoka inaruka hesabu. Waya mmoja! Dada, mtu mzima haambiwi kwamba miaka kumi na minne ya maisha yake ilikuwa waya uliolegea. Anaandaliwa kwanza. Anapewa chai.

3. Heshima yangu mbele ya wateja. Utakumbuka lile bango la zahanati lililotakiwa kusema USIPITE, likatoka USIPIKE. Niliwaeleza kwamba mashine ni ya zamani, herufi huiponyoka, wakanielewa, wakalitundika. Na mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kupika pale mlangoni, kwa hiyo bango linafanya kazi. Sasa binti yako alipokuwa anahamisha mafaili yangu ya zamani kuyapeleka kwenye kompyuta mpya alilikuta hilo, akaliangalia, akaniita kwa upole. USIPIKE ilikuwa imeandikwa humo tangu mwanzo, kwa vidole vyangu. Baada ya hapo tumekuta mengine kumi na moja. Nilikuwa na mashine inayokosea. Sasa nina mashine isiyokosea na fundi anayekosea, na mabadiliko hayo sikuyaomba.

4. Wifi yako tena. Aliomba ajaribu. Binti yako akamwonyesha bonyeza hapa, kisha hapa, basi. Akamchongea mshona nguo bango lenye maua pembeni kabla maharage hayajaiva, na maharage hayakuungua. Siku hizi wateja wanaingia wananiuliza, "Mama yupo?" Nikiwaambia fundi nipo, wanasema hawana haraka, watamsubiri mama.

5. Adabu za mashine yenyewe. Kila asubuhi kabla ya kazi inakwenda kwenye kona yake, inagusa swichi, inarudi. Binti yako anasema inatafuta nyumbani ili ijue ilipo. Mimi nimekaa karakana hii miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua nilipo. Halafu kuna kitufe chekundu kikubwa kama kifuniko cha chupa, cha kusimamishia kila kitu kukiwa na hatari. Nilikibonyeza siku moja nione. Kila kitu kikasimama. Binti yako akanipigia makofi. Mimi, Dada. Nimepigiwa makofi kwa kubonyeza kitufe.

6. Wewe mwenyewe. Nimelifikiria jambo hili kwa kituo na nimefika mahali ambapo sikupenda kufika. Binti yako alipokuwa mdogo alikuwa akiuliza "kwa nini" kutwa nzima, nawe ulikuwa unamjibu. Sisi wengine tuliambiwa nyamaza, tukanyamaza, na hakuna kati yetu aliyewahi kufungua sanduku la mtu. Ukimjibu mtoto leo, kesho anauliza tena, na keshokutwa ana bisibisi. Kwa hiyo aliyeiharibu mashine yangu kwa kuitengeneza ni wewe, na ulifanya hivyo miaka ishirini iliyopita, kwa chaki.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu:

(a) Umwite binti yako arudi nyumbani kabla ya Ijumaa.

(b) Kabla hajaondoka aulegeze ule waya. Kama amesahau ni upi, alegeze wowote, mimi nitajifunza upya.

(c) Uwaandikie zahanati, kama Mwalimu Mkuu Mstaafu, uthibitishe kwamba "usipike" ni tahajia ya zamani ya "usipite" na kwamba wazee wanaitumia.

(d) Ikiwa hayo yote yatashindikana, unipokee kwako pamoja na kompyuta ya zamani. Hatuna makuu. Tunahitaji meza moja, soketi moja, na dakika ishirini kila asubuhi tusisemeshwe.

Nisalimie shemeji, mwambie ile rafu ya vitabu aliyoniagiza bado naikumbuka. Nisalimie mpangaji wa uani na mama yake, na yule paka kama amerudi. Wifi yako anakusalimu sana, angeandika mwenyewe lakini ana bango la saluni.

Wako mtiifu na aliyeonewa,

Mdogo wako,
Fundi wa Mabango (mpaka itakapotangazwa vinginevyo).

N.B. Bahasha nilikuwa nimekwisha kuibandika, nimeifungua kwa kisu. Asubuhi hii wanawake wote wawili walitoka, nami nikajifungia na mashine nijaribu peke yangu nisionekane. Ikaniuliza nachonga mbao gani. Nikafungua orodha, nikitegemea namba. Zilikuwepo namba, lakini mbele ya kila namba pameandikwa maneno: "Mbao ikinuka moshi, punguza mwendo." "Kisu kikiimba puani, badilisha." "Ubao wenye fundo, ingia kwa upande wa nyuma." Hayo ni maneno yangu, Dada. Ni vitu ninavyojisemea nikifanya kazi. Nilimwona binti yako akiandika kwenye daftari wiki nzima nikadhani kuna kijana anaandikiwa. Juu kabisa ameandika: "Maarifa ya Mjomba. Yasifutwe." Nimehesabu, mistari arobaini na mmoja. Nikachonga ubao mmoja, ukatoka kama nilivyokuwa nikichonga kwa mkono kabla macho hayajachoka. Nilikaa nao kidogo.

Kwa hiyo usimwite Ijumaa. Wala wiki ijayo. Sijamweleza bado habari ya mbao mbichi.