Njia Ipite Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 2 Juni

Milembe amechovya kiatu cha baba yake kwenye uji sasa hivi. Kimoja tu. Akakitoa, akakilamba, akacheka. Nimekifuta, nimekirudisha chini ya kitanda kama kilivyokuwa. Elia atajua mwenyewe akivaa.

Leo mkutano wa mtaa. Amekuja afisa mipango miji, anaitwa Januarius. Kijana mpole, buti zake zina vumbi la kweli. Katandaza ramani, kasema mtaa wetu usiwe wa kulala tu. Nyumba za familia, vyumba vya kupanga, genge, fundi cherehani, vyote pamoja. Mtu atoke kwake kwa miguu apate shule, apate dawa, apate nyanya. Bajaji na baiskeli zipite pembeni. Katikati njia ya waenda kwa miguu, yenye miti. Na nyumba itakayopakana na njia hiyo itaruhusiwa kufungua dirisha la biashara.

Dirisha la biashara. Nimelisikia hilo na Milembe mgongoni. Nikamwona akilini amelala kitandani, mimi nauza maandazi pale pale nikimsikia anavyopumua. Sasa hivi namwacha kwa jirani alfajiri, naenda stendi na beseni. Akilia simsikii.

Shida ni moja. Kutoka shuleni kwenda sokoni kuna vichochoro viwili. Kimoja kinapita mlangoni kwangu, kingine mbele ya genge la Lukresia. Kitachaguliwa kimoja. Januarius anasema watakuja kupima Jumatatu ijayo, na njia itafuata pale ambapo ardhi inaonyesha watu wanapita. Lukresia kanigeukia, kasema pole mama Milembe, kwako majani yameota mpaka kizingitini. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata akili. Kwetu huwezi kumpita mtu bila salamu, na salamu yetu haina haraka. Nimesimama njia panda asubuhi. Mtu akitokea, namwamkia mwangaluka. Akiitikia, namuuliza habari za nyumbani, za watoto, za pamba. Huku nauliza narudi nyuma kidogo kidogo. Yeye kwa adabu ananifuata. Salamu zikifika kwa ng'ombe na mbuzi, tuko mlangoni kwangu. Kwaheri, pita hapa hapa, ni karibu.

Walimu wawili wamepita. Mama mmoja na kuku wake. Fundi baiskeli.

Lukresia kaona. Katoka gengeni, naye kaanza kusalimia huku anarudi nyuma upande wake. Yeye ananizidi umri, salamu yake ina mpaka mababu. Bibi mmoja wa Ngulyati kakwama katikati yetu na kapu lake, anaitikia kulia, anaitikia kushoto. Mwisho kakaa chini. Kasema wanangu, mkimaliza mtaniambia soko liko wapi.

Alhamisi, 5 Juni

Majani yamesimama vile vile. Miguu ya watu haina uzito. Elia karudi kutoka kiwanda cha pamba, nikamweleza. Kasema nimwachie Januarius kazi yake. Halafu kauliza kwa nini kiatu chake kimoja kinafuatwa na sisimizi.

Ijumaa, 6 Juni

Nilikuwa namwogesha Milembe, ng'ombe wa mzee Ndalahwa wakapita kule nyuma kwenda lamboni kunywa maji. Pale wanapopita hakuna hata jani. Ardhi imekwanguka, nyeupe kabisa.

Na ng'ombe anapenda nini? Chumvi. Mtoto wa Kisukuma yeyote anajua.

Nimeyeyusha chumvi ya mifugo kwenye ndoo, nimemwagia kichochoro chote mpaka mlangoni. Milembe kanisaidia kwa kikombe chake. Nimembusu, nimemwambia mwanangu, hii ndiyo biashara.

Jumamosi, 7 Juni

Wamekuja. Wote. Mzee Ndalahwa anawaita, hawasikii, wanalamba tu. Wamelamba njia, wamelamba kizingiti, wamelamba ukuta. Mmoja kaingiza kichwa kwenye tundu la dirisha ambalo Elia alinitobolea, akabaki ananitazama kama mteja. Milembe kapiga makofi, kampa kiporo cha ugali.

Mzee kasema mayu, mama, nyumba yako ina nini, tangu nichunge sijaona. Nikasema baraka tu, baba. Akasema basi kesho pia atapita hapa, maana hawa hawatakubali kwingine.

Majani yamekwisha. Njia imetokea, pana, kama imechongwa. Lukresia kachungulia, karudi gengeni. Leo nitalala vizuri.

Jumatatu, 9 Juni

Januarius kafika na wenzake na vigingi. Kasimama kwenye njia yangu muda mrefu. Kainama, kagusa nyayo. Kaniuliza ni za muda gani. Nikasema za miaka na miaka, hata mzee Ndalahwa ni shahidi. Mzee kawa shahidi kwa moyo wote. Kasema ng'ombe wake hawajui njia nyingine.

Januarius kafurahi kweli. Kasema nimewasaidia sana, maana walikuwa wanatafuta mapito ya mifugo wasichanganyike na watoto wa shule, na sasa yamejionyesha yenyewe. Kapiga vigingi mlangoni kwangu, hapa na hapa. Ng'ombe huku. Waenda kwa miguu kwa Lukresia. Kwenye mapito ya mifugo, dirisha la biashara haliruhusiwi. Wakazi wana mpaka kesho jioni kutoa maoni, atarudi kuyachukua.

Nikaingia ndani. Milembe kanifuta machozi kwa kile kikombe chake. Kilikuwa bado na chumvi.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi Lukresia kaja mwenyewe. Nikajua kaja kunicheka. Kakaa, kampakata Milembe, kasema njia ikipita kwake watu watataka chai, na yeye maandazi hajui, yake yanakuwa mawe. Kasema niweke meza barazani kwake, kuna kivuli, mtoto atalala ndani kwenye mkeka, nitamsikia akigeuka. Kasema hivyo kama mtu anayeomba kiberiti. Nikampa uji.

Saa hii meza iko pale, beseni langu liko juu yake, maandazi ya moto, Milembe kalala ndani kwa Lukresia. Mimi nimerudi mara moja kuchukua chupa ya chai, nikasema niandike kwanza.

Ila jambo moja. Alfajiri, kabla Lukresia hajaja, nilikuwa na hasira, na chumvi ilikuwa imebaki. Nimeimwaga kwenye kichochoro chake chote mpaka barazani. Nikafikiri Januarius akirudi jioni akute ng'ombe wamehamia kule, basi atang'oa vigingi, waenda kwa miguu watarudi huku. Na bado naona ni akili nzuri. Nitakuwa na meza kwa Lukresia na dirisha kwangu, vyote viwili. Sioni kinachoweza kuharibika, maana ng'ombe hupita saa

Lukresia ananiita. Anasema nikimbie na fimbo, beseni la