Waya wa Njano na Benchi la Nyuma

Migwani, Jumatatu, 9 Agosti 1999

Pasta Mutiso amenipa hii daftari. Amesema niandike dhambi zangu kila siku mpaka nirudishwe. Haya. Mimi ni Mwangangi, miaka arobaini na tisa, nimetengwa. Tangu Mei nakaa benchi la nyuma na wamama wenye watoto wa kunyonya. Kosa: nilisema najua kutengeneza jenereta ya kanisa. Sikujua. Ikaungua. Nikasema ni panya.

Benchi nimezoea. Shida ni Nthenya, msichana wangu wa kwanza. Anaolewa Jumamosi ya tarehe 21. Mtu aliyetengwa hawezi kupeleka bibi arusi mbele ya kanisa. Wazee wanakata shauri Jumapili hii. Nikibaki nyuma, atampeleka mjomba wake, Nzioka. Huyu ni ndugu ya mke wangu, fundi wa redio hapa sokoni. Pia ana kamera ya video, na hakuna sherehe hajapiga picha.

Leo hakuna dhambi. Lakini ni saa nne asubuhi tu.

Jumanne, 10 Agosti

Dhambi moja. Mtu wetu wa Nairobi ameletea kanisa mashine ya diski, mpya, ndani ya katoni. Na diski ya kwaya yetu ikiimba Machakos. Itaonyeshwa Jumapili baada ya ibada. Pasta akauliza nani anajua kuiunganisha na TV. Nzioka alikuwa anakohoa. Kabla amalize kukohoa nikasema najua.

Pasta akaniangalia sana. Akauliza, "Baba Nthenya, unajua, ama unajua kama ile jenereta?"

Nikasema hii najua kabisa. Wazee wakiona kwaya inaimba kwa mkono wangu, watanirudisha siku hiyo hiyo. Huo ndio mpango.

Jumatano, 11 Agosti

Nimebeba mashine na TV ya kanisa nyumbani. Jaribio. Nyuma ya mashine kuna mashimo matatu: njano, nyekundu, nyeupe. Waya yake ina vichwa vitatu, rangi hizo hizo. Rahisi. Nikageuza TV. Shimo moja. La eriali.

Nilifikiri nusu saa. Halafu nikasukuma kichwa cha njano kwa shimo la eriali, kwa nguvu. Kikaingia kidogo. TV ikaonyesha kama mchele unamwagika na kupiga kelele. Syombua, mke wangu, akaacha kuchambua pojo akaja kuangalia. Akauliza kama hiyo ndiyo kwaya. Nikasema mashine inapata moto kwanza.

Dhambi mbili, ukihesabu hiyo ya moto.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeenda duka la Othman. Watu wao walitoka Pwani zamani, anauza redio na TV. Nikamwambia nina rafiki amekwama. Othman akacheka pole pole. Akauliza kama huyo rafiki amevaa koti kama langu.

Lakini alinieleza vizuri. TV ya shimo moja haiwezi kuchukua picha ya diski hivi hivi. Inapitia kwa deki ya video. Njano ya mashine kwa njano ya deki, hiyo ni picha. Nyekundu na nyeupe ni sauti. Kutoka deki kwenda TV, waya ya eriali. Halafu kwa rimoti ya deki unabonyeza AV, unangoja. Akarudia: AV tu, usiguse kingine. Nimeandika AV kwa kiganja cha mkono.

Deki ambayo naweza kuomba hapa Migwani ni moja. Ya Nzioka.

Jumamosi, 14 Agosti

Nzioka amekubali haraka sana, hata nikashuku. Akasema atakuja kesho mapema atoe tepu yake iko ndani, na aniwekee waya. Nikaona mchezo wake. Anataka wazee waone mkono wake kwa hiyo mashine. Nikamwambia asiguse kitu, kila mtu na kazi yake.

Akasema, "Shauri yako, shemeji."

Jumapili, 15 Agosti

Leo sihesabu dhambi.

Madirisha ya kanisa yamefunikwa na leso za wamama. Watu wamejaa mpaka mlangoni. Nimeunganisha kila waya na rangi yake. Sijakosea hata moja, Mungu ni shahidi. Kumbe nilikuwa nimenawa mikono kabla ya ibada. AV imefutika. Nikaangalia rimoti. Play ndiyo nilijua kusoma bila miwani. Nikabonyeza.

Picha ikatokea safi sana. Watu wakapiga makofi. Halafu wakaacha.

Haikuwa kwaya. Ilikuwa tepu ya Nzioka, ntheo ya kwa jirani yetu Muthoki, mbuzi wa kufunga uchumba wa msichana wake, tarehe tatu Julai. Tarehe iko chini ya picha. Siku hiyo waliotengwa tulitakiwa kuchimba choo cha kanisa, na mimi nilituma habari nina malaria. Sasa niko kwa TV, kibuyu cha kaluvu, pombe ya asali, kwa mkono, nacheza. Nacheza vizuri, hiyo lazima niseme.

Mama mmoja wa benchi langu akasema, "Malaria gani hii ya kurusha mabega?"

Nzioka akatembea pole pole mpaka mbele. Akabonyeza kitu kimoja. Kwaya ikaanza kuimba.

Jumatatu, 16 Agosti

Wazee wameniongezea miezi sita. Nzioka atampeleka Nthenya. Mtoto hakunilaumu. Alisema tu, "Baba, nilitaka ni wewe," akaenda kuchota maji. Afadhali angenitukana.

Nimetubu. Nimepiga magoti mbele ya Pasta nikaapa: neno "najua" halitatoka kwa mdomo wangu tena.

Jumamosi, 21 Agosti

Arusi imeisha. Asubuhi, mlangoni mwa kanisa, Pasta alishtuka. Nzioka akimshika mkono bibi arusi, nani atashika kamera? Akauliza kama kuna mtu anajua.

Nikasikia mtu anasema najua. Alikuwa mimi.

Pasta alifunga macho kidogo. Lakini ngoma zilikuwa zimeanza. Na mtu wa kamera, aliyetengwa ama hajatengwa, lazima awe mbele. Nilitembea kinyumenyume mbele ya Nthenya kutoka mlangoni mpaka madhabahu, karibu kuliko Nzioka. Aliniona akacheka.

Ndani ya kale kashimo ka kuchungulia niliona giza tu. Nilijua ni machozi. Kamera yenyewe niliitunza vizuri. Kile kifuniko cheusi cha mbele sikutoa hata dakika moja, vumbi isiingie.